Anga Lina Wenyewe

Wauza droni wana maneno matamu. Watakwambia inapaa yenyewe, inasimama hewani yenyewe, na chaji ikikaribia kuisha inarudi nyumbani yenyewe. Si uongo. Wanachokuficha ni kwamba anga unaloliona tupu juu ya mji wenu halikukaa likikusubiri wewe na rimoti yako. Lina wenyewe, na wenyewe hao hawakushirikishwa ulipokuwa dukani ukipatana bei. Wapo wenye mabawa, wapo wenye nyua, wapo wenye minazi, ipo Serikali, na upo upepo, ambao haujawahi kusoma maelekezo ya kwenye boksi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia Pangani, mji mdogo wa mkoa wa Tanga, pale mto unapoingia baharini. Droni yangu ina gramu 249. Hiyo gramu moja iliyopungua ilipunguzwa kwa makusudi: Marekani, mtu anayerusha kwa kujifurahisha halazimiki kusajili chombo kisichofika gramu 250, basi watengenezaji wakapunguza hapa na pale mpaka mzani ukatulia pale wanapotaka. Hapa kwetu mambo yanakwenda kwa barua. Ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ipo Wizara ya Ulinzi, zipo hifadhi za taifa ambazo huingii na kitu hicho bila ruhusa yao, na Saadani haiko mbali na sisi. Nikaandika barua. Kwenye “madhumuni” nilijaza “burudani”, nikalifuta, nikajaza “kujifunza”. Lilikuwa neno sahihi kuliko nilivyojua.

Wakati barua zinatembea, nilidhani nitakuwa nacheza na chombo chenyewe mezani. Kikakataa. Kilitaka kwanza chaji, halafu akaunti, halafu namba ya siri iliyotumwa kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake nililisahau zamani, halafu kikatangaza kwamba programu yake imepitwa na wakati. Imepitwa na wakati na nailoni haijatoka! Bando langu la wiki likaishia pale mezani, ndege ikiwa bado imekunja mikono yake minne. Mke wangu akasimama mlangoni akauliza kama hicho kitu kinaruka au kinakula tu.

Programu ikishashiba inadai usawazishe dira. Unaishika droni mbele yako ikiwa imelala, unazunguka nayo mduara mzima, kisha unaisimamisha pua chini, unazunguka tena. Ndani ya ua wangu iligoma, maana dira huvurugwa na chuma, na ua wangu una mabati, nondo za chumba kisichokwisha na pikipiki ya shemeji. Nikatoka kwenda kiwanja cha mpira. Ilikuwa saa ya watu kwenda sokoni. Wakamwona mwalimu wa watoto wao katikati ya kiwanja, peke yake, anajizungusha taratibu na kidude mkononi, mdomo unahesabu. Wapo waliocheka wakapita. Mmoja alimpigia simu mke wangu kumpa pole.

Kibali kilipotoka nilikwenda kumwonyesha mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna aliyenituma kwake, lakini mtu anayepitisha kitu juu ya mapaa ya wenzake bila kupiga hodi anajitafutia maneno. Mwenyekiti akavaa miwani, akaisoma barua, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

“Nimesikia redioni Rwanda zinapeleka damu hospitali.”

Nikamwambia ni kweli, walianza mwaka 2016 kutoka Muhanga, na kifurushi kinadondoshwa kwa parachuti mpaka hospitali yenyewe. Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa nimesoma mengi.

“Na yako inapeleka nini?”

“Inapiga picha, mwenyekiti.”

“Picha.” Akavua miwani. “Haibebi chochote?”

“Haibebi.”

“Hata vidonge?”

“Hata vidonge.”

Akanirudishia barua yangu kwa mikono miwili, akaniambia Mungu anisaidie.

Mashamba ya mkonge nje ya mji yalinifaa kwa kujifunzia: hakuna watu, hakuna mapaa, na ardhi ni tambarare. Rimoti ina vijiti viwili. Cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kugeuza pua. Cha kulia kinapeleka mbele, nyuma na pembeni. Droni ikikupa mgongo, kulia ni kulia. Ikigeuka ikakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo akili ya mtu mzima aliyezoea mkono wake wa kulia tangu chekechea inagoma kabisa. Mwanangu wa darasa la tano hakupata taabu hiyo. Alinitazama nikihangaika, nikiisukuma droni kule ninakotaka isiende, akasema, “Baba, jifanye umekaa ndani yake.” Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu tangu siku ile na wote wanazunguka mle mle.

Mkonge wenyewe ni mgeni aliyeingilia kwetu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ikawa 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika iongoze dunia kwa katani. Somo hilo nalifundisha kila mwaka, na nalifundisha kwa mbwembwe. Sijawahi kuandika ubaoni kwamba mkonge ukizeeka unasimamisha mlingoti wa maua wa mita tano au sita, mwembamba, wa rangi ile ile ya udongo nyuma yake. Wala sikuwahi kuona haja ya kueleza kwamba droni za bei ninayoimudu mimi zina macho ya kutazama chini tu. Nikataka ile picha wanayopiga watu wote, ya mtu anabaki mdogo huku droni inarudi nyuma na kupanda. Nikatabasamu, nikavuta kijiti. Mtu kwenye picha alibaki mdogo vizuri sana, kisha mbingu na ardhi zikabadilishana nafasi.

Jani la mkonge linaishia kwenye mwiba mweusi, mgumu, na jani haliko peke yake. Droni niliitoa. Suruali ilitoka baada yake, kwa awamu.

Mapanga mawili ya droni yalikuwa yamekatika. Kuyabadilisha ni kazi ya bisibisi ndogo, ile ya fundi saa, na subira ambayo sikwenda nayo. Nikafunga mapya, nikawasha, droni ikainua bega moja na kujipindua chali. Nikaiweka sawa, ikajipindua tena. Tulikuwa karibu na kijiwe cha bodaboda, na fundi wao, mikono imejaa grisi, alikuwa akifuatilia mchezo mzima bila kusema neno. Mwishowe akaja akachuchumaa.

“Mwalimu, haya yenye kistari yanataka kwenda na mkono wenye kistari.”

Ndivyo ilivyo. Mapanga mawili huzunguka kwa kufuata saa, mawili kinyume chake, na kila jozi imechongwa kwa mzunguko wake. Ukiyachanganya, upande mmoja unasukuma hewa chini na mwingine unaisukuma juu. Kistari chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mchele, fundi akakiona akiwa amesimama ng'ambo ya barabara. Hela hakutaka. Alitaka kijiwe chao kipigwe picha kutoka juu, bodaboda zimepangwa mstari, yeye mbele.

Sasa nije kwenye kisa cha bibi jirani yangu.

Nilikuwa sijui kwamba bafu nyingi za uani mjini kwetu hazina paa. Yaani nilijua, bafu langu mwenyewe halina, ila sikuwahi kulitazama jambo hilo kutoka juu. Jioni moja niliipandisha droni palepale uani kwangu, ikasimama sawasawa juu ya paa langu. Ilikuwa kwangu kabisa. Kamera ndiyo isiyotambua ukuta wa jirani. Haikupita dakika sauti ikatoka ng'ambo:

“We mwalimu! Watu wanaoga!”

Nikaishusha haraka. Baada ya muda bibi akaingia, kanga moja kifuani, nyingine kichwani, bado ana harufu ya sabuni, akakaa barazani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba fupi. Mke wangu akamkaribisha chai, akakataa, na kwetu mgeni akikataa chai ujue hakuja kutembea.

“Nionyeshe.”

Nikamwonyesha. Namshukuru Mungu kwamba kamera ilikuwa imekaa upande, bafu likawa kiza tupu na ukingo wa ndoo. Bibi akaitazama video mpaka mwisho, uso hausemi kitu.

“Irudishe.”

Nikairudisha.

“Simamisha hapo. Hilo bati la tatu, si limenyanyuka?”

Lilikuwa limenyanyuka.

“Nilimwambia fundi. Masika mazima navujiwa, ananiambia bibi umezeeka, hayo ni masikio yako.” Akaivuta simu karibu na macho. “Likuze hapa.”

Nikakuza. Akanyamaza muda mrefu. Mke wangu akaleta chai bila kuuliza na safari hii bibi akaipokea.

“Ule mwembe,” alisema, “aliupanda marehemu. Mpaka wetu na yule wa nyuma unapita mbele ya mwembe. Sasa mbona mwembe uko ndani kwake?”

Nikatazama. Ukiwa chini, pale nyuma ni vichaka na ukuta tu, huwezi kujua lolote. Kutoka juu mambo yalikuwa wazi: ukuta wa jirani wa nyuma ulikuja umenyooka vizuri, ulipofika karibu na mwembe ukaota miguu, ukauzunguka, ukanyooka tena.

Asubuhi yake tulikuwa kwa mwenyekiti, bibi mbele na simu yangu mkononi mwake. Hakunirudishia tangu jana. Mwenyekiti akavaa miwani, akatazama, akanigeukia mimi badala ya kumgeukia bibi.

“Mwalimu, ulisema haibebi kitu.”

“Ndiyo, mwenyekiti.”

“Inabeba kesi.”

Jambo hili la mipaka na picha za angani si la mzaha. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, waliipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani ili kutengeneza ramani. Lakini wale walikwenda na Serikali nyuma yao. Mimi nilikwenda na betri ya asilimia arobaini. Mwenyekiti akaniuliza kama picha yangu inaweza kupima mpaka, nikasema haiwezi, ni picha tu. Bibi akanitazama kwa jicho ambalo sikulipata hata siku ile ya bafu. Ama lile la bafu, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na niliisoma usiku ule ule, kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Tangu hapo sipandishi kitu kabla ya kuzunguka nyumba za jirani nikipiga hodi: “Jioni narusha, anayetaka kuoga awahi.”

Habari zikasambaa, nami nikawa mtu wa kutafutwa. Mwenye mbuzi alitaka nimtazamie mbuzi wake, na hakutaka nitazame kote, alitaka nitazame kwa mtu fulani tu. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama inaweza kufika Kisiwa cha Maziwe ikaona boti ya mumewe iko huko kweli, maana samaki anaoleta hawalingani na siku anazolala. Nikamwambia haifiki huko. Akasema sawa, basi je, inafika Bweni, hapo ng'ambo ya mto? Kila harusi nikaombwa. Harusi nazikataa zote: mapanga manne yanayozunguka juu ya vichwa vya watu wanaokula pilau si jambo la kutafutia sifa. Baba wa bwana harusi mmoja ameninunia mpaka leo, na mwanawe ana mtoto tayari.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Betri za droni zina akili zake: ukiziacha zimejaa kwa siku kadhaa zinajipunguza zenyewe, kwa kuwa lithiamu huchakaa haraka ikikaa imeshiba. Nikafungua kabati Jumamosi nikakuta zote zimeshuka. Nikaita baraza la familia. Mwanangu alijitetea kwa ufasaha mkubwa, akaomba kijitabu, akafungua ukurasa wenyewe.

Kunguru nao. Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Wakala taka, wakala mayai na vifaranga vya ndege wa watu, kisha wakavuka kuja bara bila kibali cha mtu yeyote. Leo ukanda mzima wa pwani wanauona ni urithi wao. Anakuja mmoja kwanza, anaizunguka droni kwa heshima, anaondoka. Unafurahi, unadhani mmeelewana. Kumbe amekwenda kuita ukoo. Wakija kundi, mkono wako wote unataka kuishusha droni, na kushusha ndiko wanakokutaka, kwa sababu kunguru kwa kupiga mbizi ni fundi. Dawa ni kuipandisha wima kwa nguvu zote, maana huko ndiko mabawa hayawezi kuifuata. Naieleza kwa utulivu sasa. Siku yenyewe nilikuwa nawatukana kwa Kisambaa, lugha ambayo naijua matusi yake tu.

Watoto wa mtaani kwetu ndio waliokuja kuniokoa na haya. Sheria ya urushaji, karibu popote duniani, inataka droni usiipoteze machoni, na nchi nyingi zinaweka kikomo cha futi 400, yaani kama mita 120. Kwa macho yangu, chombo cha gramu 249 kinageuka nukta mapema sana kabla ya hapo. Watoto wanaiona. Nikawaweka pembeni yangu, kila mmoja na upande wake wa anga, na mara nyingi nilipokuwa naisifu droni jinsi inavyoelea kwa madaha, kulikuwa na sauti ndogo kando: “Mwalimu, ile ni mwewe.”

Yote hayo ni mchezo mbele ya upepo wa kusi.

Pwani ina masharti yake. Huwezi kuruka kutoka mchangani, kwa sababu upepo wa mapanga unainua mchanga na mota zinausaga. Unahitaji kitu kisafi ambacho droni itapaa na kutua juu yake. Ungo unafaa kuliko vitu vyote vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

“Ungo una mchele,” mke wangu alisema.

“Nitaurudisha.”

“Utaurudisha na mchanga.”

Tena jua la pwani halikuachii uone skrini ya simu. Kofia haitoshi. Inatakiwa kitambaa kikufunike wewe na simu pamoja, na kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa kanga. Basi Julai moja, saa tisa alasiri, nahodha mzee anayevulia hapo kwetu alishuka ufukweni akakuta mwanamume amejitanda kanga gubigubi, amesimama mbele ya ungo, anaongea na simu.

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba. Kuna msiba?”

Nikamweleza. Akavuta kipande cha gogo akakaa. Pale chini, nyuma ya minazi, upepo ulikuwa wa kawaida. Chombo changu kinastahimili upepo wa kilomita 38 kwa saa, imeandikwa, nikamwambia. Akatazama vichwa vya minazi, hakujibu. Nikairusha. Kusi hutoka kusini, nami niliielekeza kaskazini kufuata ufukwe, ikaenda kwa raha sijapata kuiona, bila kutumia nguvu, picha imetulia, bahari ya kijani chini, ngalawa moja na tanga lake jeupe. Nikamwonyesha nahodha ngalawa. Akasema ni ya shemejiye na kwamba mtu huyo yuko njiani kurudi, kwa sababu ana akili.

Nami nikaigeuza.

Droni ikainama mbele, mapanga yakalia, na picha haikusogea. Ngalawa iliyokuwa chini yake ndiyo ikaanza kuiacha. Skrini ikaandika upepo mkali. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, na hapa ndipo ule uyenyewe unaosifiwa dukani ulipofanya kazi yake: chombo kikiamriwa kurudi hupanda kwanza hadi kimo ulichokipanga ili kisigonge kitu, na mimi nilikuwa nimepanga mita 60, kwa hesabu nzuri ya minazi. Ikapanda kwa utii. Huko juu ikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea Tanga mjini.

“Mbona haiji?”

“Inakuja, nahodha.”

“Haiji. Ishushe. Upepo wa juu si wa chini. Sisi ukituzidi tunashusha tanga, hatubishani nao.”

Kwamba ardhi na maji hukwaruza upepo, kwa hiyo kasi yake chini ni ndogo kuliko juu, nalifundisha kwa mishale mirefu na mifupi, na huwa nalitoa kwenye mtihani. Nikaifuta amri, nikaishusha mpaka ikawa karibu na kimo cha minazi. Ikaanza kusogea. Polepole, asilimia za betri zikishuka upande mmoja na mita zikipungua upande mwingine, na nahodha akinisomea mawimbi: sasa umetulia, isukume, sasa unakuja, ngoja. Watoto wakaja, wakanyamaza, jambo ambalo darasani sijawahi kulipata. Droni ikaonekana kwa macho. Ikasikika. Watoto wakaanza kushangilia. Kati yake na ungo kukabaki mnazi mmoja tu, ule ulioinamia baharini, ambao kusi ilikuwa ikiutikisa kichwa huku na huku.

Kuti likaenda kulia. Droni ilikuwa kulia.

Nahodha akainuka, akajipangusa mchanga. “Kusi unaisomesha kila mwaka, mwalimu. Leo imekusomesha wewe.”

Programu ina kitufe cha kutafuta droni iliyopotea: ukikibonyeza inalia na kuwaka taa. Tukawa tunajua ilipo hata bila kitufe, lakini mmoja wa watoto alikuwa ameshakibonyeza, basi ikawa inalia kule juu pii, pii, pii, mtu mzima yeyote aliyepita akisimama kuuliza. Mkwezi akaitwa. Kukwea kuna bei yake inayojulikana, mnazi kwa mnazi. Akauzunguka ule mnazi, akatega sikio.

“Nazi haipigi kelele,” akasema, na bei ikapanda.

“Lakini usiidondoshe.”

“Nazi huwa tunadondosha.”

“Hii usidondoshe.”

“Ya kutodondosha ni bei nyingine.”

Akapanda kwenye vingazi vilivyochongwa shinani, akaifikia, akaifunga kiunoni kwa shati lake. Akiwa hukohuko akaona madafu yamekaa vizuri, akaona ni vibaya kurudi mikono mitupu, akayaangusha manne. Watoto wakayapokea. Yalikuwa yameshapasuliwa na nahodha ana la kwake mdomoni wakati mwenye mnazi alipotokea.

Mwenye mnazi alikuwa yule jirani wa ukuta.

Hakugomba. Alitazama droni, akatazama madafu, akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za wanafunzi.

“Ukuta wangu uliupiga picha bure,” alisema. “Madafu utalipia.”

Nikalipa. Nikalipa mkwezi, nikalipa madafu, nikalipa na kuti, kwa kuwa lilihesabiwa. Droni yenyewe haikuwa na kitu ila pua iliyokwaruzwa na panga moja, lenye kistari. Ungo ulirudi nyumbani na mchanga, hilo nililipa kwa namna nyingine. Kesi ya mwembe bado iko baraza la kata na simu yangu imetajwa kwenye majalada.

Wewe unayetaka kuanza, anza na kibali, na ununue mapanga ya akiba kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ukija kwetu miezi ya kusi, rusha asubuhi, ikifika saa nne uwe umeshakunja. Ukichelewa, mkwezi anapatikana pale pantoni ya Bweni. Siku hizi ana bei mbili, ya nazi na ya droni, na ya droni haipunguzi.